UConn si "chuo cha masenta", na mengine ninayoyasikia kila wiki uwanjani

Wiki iliyopita mama mmoja alinifuata kwenye uwanja wa kikapu wa Kidongo Chekundu akiwa na kijana wake wa miaka 17, aliyenizidi urefu kwa kichwa kizima. Kijana akaniamkia, akatoa simu. Kwenye kioo alikuwa senta, yule mchezaji mkubwa wa karibu na ringi, Adama Sanogo, na jezi ya Chuo Kikuu cha Connecticut cha Marekani, UConn, mwaka 2023: anapokea mpira karibu na ringi, anampa mlinzi mgongo, anamsukuma hatua mbili, anageukia bega la kushoto, anafunga. Video ikaisha, akairudisha mwanzo.

"Kocha, huyu anataka kwenda hapa," mama akasema. "Hapa wanachezesha masenta. Si ndiko alikotokea Thabeet?"

Ndiko. Lakini hilo la "wanachezesha masenta" nimelisikia kwa wazazi, kwa wachezaji, hata kwa makocha wenzangu, na nimechoka kulijibu kwa vipande baada ya mazoezi huku watu wakikusanya mipira. Naliandika lote hapa.

Dhana: kila chuo kina staili yake ya kushambulia, na staili hiyo haibadiliki.

Tuanze na Hasheem Thabeet mwenyewe, kwa sababu ndiye anayetajwa. Kijana wa Dar, futi 7 na inchi 3, alicheza UConn tangu 2006 hadi 2009, na mwaka huo Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua vijana kwa zamu. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya shuti kukosa) 10.8 na bloku (mashuti yanayozuiwa) 4.2 kwa mchezo. Soma namba hizo taratibu. Kilichomfanya aogopwe Marekani nzima ni zile bloku. Upande wa kushambulia, mpira ulikuwa mikononi mwa A.J. Price, na Thabeet alifunga zaidi kwa pasi za juu, kwa ribaundi za mashambulizi na kwa kumalizia kazi iliyoanzishwa na magadi, wale wafupi wanaopandisha mpira. Timu ile ilifika nne bora 2009, ikafungwa na Michigan State 82-73. Anayesema ilikuwa timu iliyojengwa juu ya kumpa senta mpira chini, hakuitazama.

Kisha tazama kilichofuata. Thabeet akaondoka, Price akaondoka, Jeff Adrien akaondoka. Msimu wa 2009-10 UConn walishinda michezo 18 na kupoteza 16, wala hawakualikwa kwenye mashindano ya NCAA, yale ya kutafuta bingwa wa vyuo wa taifa. Kocha alikuwa yuleyule, Jim Calhoun. Kitabu chake cha michezo kilikuwa kilekile. Wachezaji ndio hawakuwa walewale.

Mwaka mmoja baadaye, 2011, Calhoun huyohuyo akawa bingwa wa taifa kwa timu iliyofanana kidogo sana na ile ya 2009. Mpira wote akapewa Kemba Walker, gadi wa futi 6 na inchi moja, ambaye wakati wa Thabeet alikuwa mwaka wa kwanza na akianzia benchi. Wastani wake ukafika pointi 23.5. Masenta walifanya kazi ya kumwekea skrini (kusimama njiani ili mlinzi wake azuiwe), kupigania ribaundi na kulinda ringi. Walishinda michezo mitano kwa siku tano kwenye mashindano ya ligi yao, Big East, kisha sita ya NCAA, na fainali wakamfunga Butler 53-41. Mwaka 2014, chini ya Kevin Ollie, ikawa zamu ya magadi tena: Shabazz Napier na Ryan Boatright wakaendesha kila kitu, huku senta Amida Brimah, kijana kutoka Accra mwenye futi 7, akitumwa kulinda ringi na kumalizia kinachomfikia.

Chuo hicho kimebeba ubingwa wa wanaume mara sita: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024. Mchezaji bora wa fainali hizo alikuwa Richard Hamilton, Emeka Okafor, Walker, Napier, Sanogo, na Tristen Newton. Masenta ni wawili tu, Okafor na Sanogo. Hicho ndicho "chuo cha masenta" ninachoambiwa kila wiki.

Sasa nije kwa Sanogo wa kwenye ile simu, maana hapa ndipo penye somo kubwa zaidi. Kocha wa 2023 na wa 2024 ni mmoja, Dan Hurley. Ubingwa umefuatana. Mtu atasema basi hapo staili ilikuwa moja. Misingi ilikuwa moja, ndiyo: wachezaji wasio na mpira hawasimami, skrini zinafuatana mbili tatu katika zamu moja ya kushambulia, pasi inatoka kabla mlinzi hajageuka. Lakini namna ya kumtumia mtu mkubwa ilibadilika kabisa, kwa sababu mtu mkubwa alibadilika.

Sanogo, Mmali kutoka Bamako, alikuwa mzito na mwenye miguu ya ustadi chini. Alijibanza karibu na ringi, akaomba mpira kwa mkono, akapokea akiwa amempa mlinzi mgongo. Mlinzi wa pili akija kusaidia, mpira ulitoka nje kwa Jordan Hawkins, aliyekuwa akikimbia nyuma ya skrini kutafuta nafasi ya pointi tatu. Andre Jackson Jr. hakuwa mrushaji, walinzi walimwacha wazi, akageuka kuwa mgawa pasi. Kila kipande kilikuwa mahali pake kwa sababu ya watu wale.

Wote watatu wakaondoka baada ya ubingwa. Akabaki Donovan Clingan, aliyekuwa akiingia kutoka benchi, futi 7 na inchi 2. Hurley angemwambia Clingan acheze kama Sanogo, angempoteza. Badala yake Clingan alitolewa juu, mbali na ringi: anaweka skrini kwa mwenye mpira, anageuka, anakimbilia ringi, anapewa pasi ya juu pale ambapo hakuna mkono mwingine unaofika. Nafasi ya Hawkins akachukua Cam Spencer, aliyetoka Rutgers, na Newton ndiye akawa anasoma mlinzi anakwenda wapi. Ukitaka kuona jinsi ilivyokaa sawa, tafuta mchezo wao na Illinois wa robo fainali 2024, pale UConn walipofunga pointi 30 mfululizo bila kujibiwa hata moja. Wakamaliza msimu kwa ushindi 37 na vipigo 3.

Mwaka uliofuata Clingan, Stephon Castle, Newton na Spencer hawakuwepo. Kocha yuleyule, skrini zilezile, na timu ikatolewa na Florida 77-75 raundi ya pili. Hakuna aliyesahau mchezo. Alikosekana mgawa pasi wa aina ya Newton na senta wa aina ya Clingan, na skrini nzuri isiyo na mtu wa kuisoma inabaki kuwa watu wawili wamesimama.

Kwa hiyo kijana anaponionyesha video ya 2023 na kuniambia "pale wanacheza hivi", ananionyesha nyumba ambayo wapangaji wake walishahama. Na siku hizi wanahama kwa kasi. Tangu 2021 mchezaji wa chuo Marekani anaweza kuhamia chuo kingine na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani. Kikosi ulichokitazama Machi unaweza usikikute Oktoba. Video ya miaka miwili iliyopita haikwambii chochote kuhusu utakachokutana nacho wewe.

Ushauri wangu kwa hili ni mmoja, na nitaurudia mpaka nistaafu. Chukua karatasi. Andika majina ya waliocheza dakika nyingi msimu uliopita. Kata aliyemaliza masomo, aliyekwenda NBA, aliyehamia chuo kingine. Ongeza walioingia. Kisha jiulize: mpira wa kwanza, ukivuka nusu ya uwanja, anashika nani? Akishamjua mtu huyo, mzazi yeyote anaweza kubashiri staili ya timu ile kuliko mchambuzi anayetazama jina la chuo. Na kocha wa chuo akikupigia simu, usimwulize "mnacheza staili gani?" Atakujibu vizuri, wote hujibu vizuri. Mwulize una watu wangapi wa nafasi yangu, na nani atanipa mimi pasi.

Dhana: nyota akibaki, mashambulizi yatabaki vilevile.

Stephen Curry anatosha kulijibu hili. Msimu wa 2007-08 pale chuo cha Davidson, mwenye mpira alikuwa Jason Richards, aliyeongoza nchi nzima kwa asisti, pasi zinazozaa kikapu. Curry alikuwa akikimbia bila mpira, anazungushwa kwenye skrini, anapokea na kurusha. Akaweka rekodi ya kufunga mashuti 162 ya pointi tatu kwa msimu mmoja na wakafika robo fainali, wakafungwa na Kansas 59-57. Richards akamaliza chuo. Curry akabaki, na kazi yake ikabadilika: sasa yeye ndiye wa kupandisha mpira na kuanzisha kila kitu. Alifunga zaidi, wastani wa 28.6, wa kwanza nchini. Timu haikuingia mashindano ya NCAA mwaka huo.

Lilitokea pia jambo ambalo huwa nawasimulia vijana wangu. Novemba 2008 Loyola ya Maryland waliamua kumbana Curry kwa walinzi wawili mchezo mzima, popote alipo. Curry hakulazimisha. Alikwenda kusimama pembeni na walinzi wake wawili, akawaacha wenzake wanne wacheze na walinzi watatu. Alimaliza bila pointi hata moja, na Davidson wakashinda 78-48. Kijana anayeelewa mchezo ule ameelewa mashambulizi kuliko anayejua kudribo kwa mikono yote miwili.

Dhana: timu inayocheza polepole haijui kushambulia.

Chuo cha Virginia cha 2019, chini ya kocha Tony Bennett, ilikuwa timu yenye mwendo wa polepole kuliko karibu zote. Ilikuwa pia miongoni mwa timu bora kabisa nchini kwa kushambulia, ukigawanya pointi kwa zamu za mpira badala ya kuhesabu pointi za mchezo. Walikuwa bingwa, 85-77 dhidi ya Texas Tech baada ya muda wa nyongeza. Mwaka mmoja kabla, De'Andre Hunter akiwa amevunjika kifundo cha mkono, walifungwa na UMBC 74-54, timu ya kwanza ya wanaume iliyopangwa namba 16, ya mwisho kwenye kundi lake, kuiondoa ya namba moja. Hunter akarudi, na Bennett akaongeza skrini kwa mwenye mpira ili Ty Jerome apate kuchagua. Kasi haikuongezeka. Uchaguzi wa mashuti ndio uliongezeka ubora. Tafadhali acheni kupima mashambulizi kwa mbio.

Dhana: siku hizi mrefu asiyepiga tatu hana kazi.

Zach Edey wa chuo cha Purdue, futi 7 na inchi 4, alifunga pointi 37 kwenye fainali ya 2024 akiwa karibu na ringi. Alikuwa na kazi. Alipoondoka, Purdue hawakutafuta Edey mwingine, kwa kuwa hayupo: mpira ukaenda kwa Braden Smith, na Trey Kaufman-Renn akawa anamwekea skrini na kukata kuelekea ringi. Mstari wa pointi tatu wa vyuo kwa wanaume umesogezwa hadi mita 6.75 tangu msimu wa 2019-20, na kijana mrefu anayetumia saa nzima ya mazoezi akirusha kutoka umbali huo, huku hawezi kushika pasi ya juu kwa mkono wa kushoto, anapoteza muda wake na wangu.

Mrefu anayetaka kufaa kikosi chochote, kinachomtegemea gadi au senta, ajifunze vitu viwili. Kwanza skrini: miguu imetulia, upana wa mabega, hakuna kusogea mlinzi anapogonga. Timu za wanaume za vyuo zina sekunde 30 kwa kila shambulizi, sita zaidi ya zile 24 tunazocheza sisi, na makocha wazuri hutumia sekunde hizo kwa skrini ya pili na ya tatu. Mtu anayechoka baada ya ya kwanza hakai uwanjani. Pili, pasi kutoka kwenye mstari wa adhabu: umeweka skrini, umeshuka nusu, umepokea, mlinzi wa mwisho anakujia. Una nusu sekunde kuona pembe ipi iko wazi.

Yule kijana wa Sanogo tulikaa naye kwenye ngazi za uwanja na karatasi. Chuo tulichokichambua hakikuwa UConn ya kwenye simu, kilikuwa kingine kilichomwandikia, na mama yake alikuwa tayari kuanza kutafuta nauli. Tukakata majina, tukaongeza majina. Tulipomaliza, kwenye nafasi yake walikuwa watatu, mmoja amehamia mwezi uliopita tu, na gadi aliyekuwa akiwapa mpira ameondoka. Mama akaichukua karatasi, akaisoma tena peke yake, akaikunja na kuiweka kwenye mkoba. Kijana akaniuliza kesho mazoezi ni saa ngapi. Saa kumi na mbili asubuhi, nikamwambia, tunaanza na skrini.