“Papa, mimi najua yote”

Jumatatu wamekuja vijana tisa kwenye atelye yetu, hapa Lubumbashi, kutafuta nafasi mbili za kuchomelea. Saba wao wameandika neno moja juu kabisa ya CV, kabla hata ya jina la mtaa: *polyvalent*, yaani mtu wa kazi zote. Miaka yote hii ninalisoma neno hilo na bado halijanieleza mtu anaweza kufanya nini.

Nawaelewa. Toka Katuba mpaka Ruashi watu wanaamini kwamba ukiandika mengi, mojawapo litanasa. Sasa kaa upande wangu wa meza. Ninatafuta mtu wa 111, yaani kuchomelea kwa elektrodi ya mkono, anayepandisha PF, mshono wa wima kutoka chini kwenda juu, kwenye bamba la milimita 10, aanze wiki ijayo. Wewe umeniletea umeme wa nyumba, udereva, kompyuta, ujenzi na “kuchomelea kwa kila namna”. Nikuweke wapi? Karatasi yako imejaa, na lile ninalolitafuta silioni.

Ila kinachonichosha hasa ni kitenzi chenyewe, *kujua*. Tumekibebesha mzigo mkubwa kupita kiasi. Aliyemtazama shemeji yake akichomelea, anajua. Aliyeshika bomba wakati mwingine anachomelea, anajua. Aliyelala chini ya tangi miaka kumi cheche zikimwangukia shingoni, naye anajua. Wote watatu wakisimama mbele yangu watatamka sentensi moja, “Papa, najua”, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amedanganya! Ndiyo maana siku hizi siulizi kama mtu anajua, nauliza kama amezoea. Hapo uso hubadilika. Ukisema umezoea, lazima useme umezoea wapi, kwa mashine gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumatatu hiyohiyo kijana mmoja ameniambia anajua TIG, kuchomelea kwa ncha ya tungsteni ndani ya gesi ya argoni.

“Argoni ulikuwa unaweka lita ngapi kwa dakika?”

“Shefu alikuwa anaweka mwenyewe.”

Jibu lolote kati ya 8 na 12 lingenitosha. Basi, nimeelewa: alikuwa msaidizi. Na hapo ndipo nilipotaka kupiga kichwa ukutani, kwa sababu msaidizi ndiye niliyekuwa namhitaji! Nimemuuliza taratibu, likatoka lote: miezi kumi na minne ya kukata mabomba, kuchonga kingo, kusaga ncha za tungsteni, kuyapanga mabomba yakae sawa kabla shefu hajawasha. Bomba likipangwa vibaya hata fundi bora ataharibu. Hayo yote hakuyaandika. Ameona haya kuandika “msaidizi”, akaandika “fundi TIG”, na kwa ufundi huo nimemkatalia.

Wengine wana ufundi halisi na hawajui kuutaja. Fundi wa mageti anakuja na kichwa chini, “Papa, mimi nafanyaga tu milango.” Tu! Elektrodi 6013 ya milimita 2.5 kwenye bomba la mraba lenye ukuta wa milimita 1.5, bila kutoboa, siku nzima, umeme ukipanda na kushuka. Mpe kazi hiyo mtu wangu wa bamba nene uone matundu. Andika hivyohivyo: chuma chembamba, 6013, miaka mingapi. Usiongeze “6G” kwa sababu rafiki yako ameiongeza. 6G ni mkao wa jaribio: bomba lililofungwa likiwa limeinama nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndiye unayelizunguka. Nitakuuliza kipenyo chake, na ukinyamaza nitaanza kuutilia shaka hata mlango.

Vyeti nitavipita haraka. Cheti cha mchomeleaji cha ISO 9606-1 kinataka kuthibitishwa kila miezi 6 kwamba bado unachomelea kwa njia ile. Cha mwaka 2014 kisicho na sahihi yoyote baada ya hapo ni kumbukumbu nzuri, kitunze nyumbani. Na ukiandika 7018, elektrodi isiyotaka unyevu, ujue kwamba nitakuuliza unaifanyia nini kabla ya kuiwasha. Anayeitoa mfukoni mwa suruali badala ya kwenye tanuru amekwisha kunijibu.

Sasa lile ambalo silipendi. Nikishauri watu waandike kwa usahihi, sina hakika kwamba ninawasaidia kila mara. CV hupita kwanza ofisini, kwa watu ambao 111 kwao inaweza kuwa namba ya basi. Wanahesabu maneno, na mwenye mistari minne huenda akatupwa kabla hajanifikia, huku *polyvalent* akipanda ngazi. Tena kuna barua ya mjomba, ambayo haina haja ya CV yoyote. Hata jaribio langu silitegemei sana. Mmoja niliyemkataa kwa sababu mkono ulimtetemeka nikimtazama, leo anachomelea Kolwezi na kazi yake nimeiona kwa macho yangu: safi kuliko yangu. Mwingine alinipigia mshono kama umechorwa, halafu juu ya jukwaa la mita sita akagoma kupanda.

Lakini anayepita kwa maneno bado ana muda mrefu wa kujulikana. Kanuni ya kazi ya Kongo ya 2002 inaruhusu muda wa majaribio mpaka miezi 6 kwa mwenye ufundi, na kwa kibarua asiye na ufundi mwezi 1. Kwangu mimi wiki mbili zinatosha, na kumrudisha mtu nyumbani wakati mke ameshaambiwa kazi imepatikana ni jambo ninalolichukia.

Yule wa argoni amerudi Alhamisi. Karatasi moja, mistari mitano kwa mkono. Wa mwisho unasema: “TIG: nimejaribu mara mbili, nimetoboa zote mbili.” Anaanza Jumatatu, kwenye kukata na kupanga. Vipande vya bomba vilivyobaki nimemwekea pembeni, atavitoboa saa ya mapumziko.