Je, wajua kwa nini sauti huitangulia midomo filamu inapohamishwa?

Mhariri wa picha akishamaliza kukata filamu, kazi hupelekwa kwa mhariri wa sauti, ambaye mara nyingi hutumia mfumo mwingine kabisa. Picha huenda ilihaririwa katika Avid Media Composer, ilhali sauti inashughulikiwa katika Pro Tools. Kwa kawaida hupelekwa faili ya video pamoja na faili ya AAF, inayobeba vipande vya sauti na maelezo ya mahali pa kila kipande. Zikifunguliwa, dakika ya kwanza huwa haina kasoro, lakini kufikia dakika ya kumi neno husikika kabla mwigizaji hajafungua kinywa.

Mara nyingi chanzo ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde. Sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini kazi nyingi za video hutumia 23.976, urithi wa mfumo wa televisheni ya rangi ulioidhinishwa Marekani mwaka 1953, ambapo kasi ilipunguzwa kwa takriban sehemu moja katika elfu ili mawimbi ya rangi yasiingiliane na ya sauti. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuonekana kwa jicho. Hata hivyo, picha ya fremu 24 ikichezwa kama ya 23.976 na sauti ikaachwa ilivyo, sauti hutangulia fremu moja katika sekunde 42 hivi, na katika filamu ya dakika 90 hufikia sekunde 5.4.

Dawa yake ni ya zamani, nami sijaona iliyo bora zaidi. Sekunde mbili kabla ya picha ya kwanza huwekwa mlio mfupi wa hezi 1,000, wenye urefu wa fremu moja, sambamba na namba 2 kwenye skrini. Filamu ikianza kwenye alama ya muda 01:00:00:00 (saa, dakika, sekunde, fremu), mlio hukaa 00:59:58:00. Mwingine huwekwa sekunde mbili baada ya picha ya mwisho, na huu ndio wavivu huusahau. Milio yote miwili ikipotoka kwa kiasi kilekile, sauti imewekwa mahali pasipo pake tu, hivyo inatosha kuisogeza. Wa mwanzo ukilingana na wa mwisho ukapotoka, kasi ndiyo iliyokosewa, na kuisogeza sauti hakutasaidia kitu: faili itolewe upya.