Nyota za Bozoni: Giza Linalofanana na Shimo Jeusi

Hakuna aliyewahi kuiona nyota ya bozoni, yaani nyota ya kudhaniwa iliyoundwa na chembe ziitwazo bozoni. Ipo kwenye hesabu tu, lakini hesabu hizo zinatulazimisha kuuliza swali zito: kila kitu kizito kisichotoa mwanga ni shimo jeusi kweli?

Chembe ni za aina mbili: fermioni na bozoni. Elektroni na nyutroni ni fermioni, na fermioni hukaa kama mayai kwenye trei: kishimo kimoja, yai moja. Kutokubali kubanana huko ndiko kunakokizuia kibete cheupe (kiini kinachobaki nyota kama Jua ikizimika) kisiporomoke, hadi masi ya takriban 1.4 ya Jua. Bozoni hazina sharti hilo. Zote zaweza kukaa katika hali moja, kama miale ya tochi inayopishana bila kugongana.

Sasa zinazuiwa na nini zisiporomoke? Ni kanuni ya Heisenberg: chembe ikibanwa mahali padogo, mwendo wake huongezeka, na mwendo huo hupingana na graviti. Mwanafizikia David Kaup alikokotoa hayo mwaka 1968, kisha wenzake Ruffini na Bonazzola mwaka 1969. Bozoni ikiwa na masi ya elektronivolti 10⁻¹⁰ (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati, kinachotumika pia kwa masi za chembe), nyota yake haizidi masi 0.85 hivi ya Jua. Bozoni ikiwa nyepesi mara kumi, kikomo hupanda mara kumi. Nyota iliyopita kikomo hutawanyika au huporomoka na kuwa shimo jeusi.

Tatizo ni malighafi. Bozoni ya Higgs, iliyogunduliwa mwaka 2012 katika CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, huvunjika papo hapo. Inahitajika bozoni nyepesi inayodumu, ambayo bado haijapatikana.

Kitu kilicho katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, Sagittarius A*, kina masi milioni 4 za Jua. Kama kingekuwa nyota ya bozoni, kingehitaji bozoni ya elektronivolti 2×10⁻¹⁷ hivi. Nyota ya bozoni haina uso wala mpaka wa kutorudi. Gesi ikiingia hupenya hadi ndani, na inaweza kuendelea kung'aa pale ambapo shimo jeusi lingeonyesha kivuli. Ndiyo maana picha ya kitu hicho ya Mei 2022, yenye pete ya mwanga na giza katikati, ina thamani kubwa: ukubwa wa giza hilo unapimika.

Ushahidi mwingine ni mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga inayotokana na vitu vizito vinapogongana. Tarehe 21 Mei 2019, vipokezi vya mawimbi hayo, LIGO na Virgo, vilinasa ishara iliyopewa jina GW190521. Mwaka 2021 watafiti walionyesha kuwa mgongano wa nyota mbili za bozoni za aina iitwayo Proca unaweza kuieleza ishara hiyo pia, kwa bozoni ya elektronivolti 8.7×10⁻¹³. Maelezo ya mashimo meusi mawili bado ndiyo yenye wafuasi wengi, na ni haki. Shida ni kwamba ishara ilidumu takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Nyota ya bozoni ikimkaribia mwenzake huvutwa ikarefuka, shimo jeusi halirefuki. Alama hiyo hukaa kwenye mizunguko mingi ya kabla ya mgongano, na mizunguko hiyo ndiyo ambayo haikusikika.