Matibabu ya ugumba: nani anayatoa, nani anayasimamia

Katika ripoti yake ya mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 hukumbwa na ugumba katika kipindi fulani cha maisha yake, na kwamba kiwango hicho hakipishani sana kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Kinachopishana ni uwezo wa kupata tiba. Afrika Mashariki upandikizaji mimba, yaani kurutubisha yai nje ya mwili na kulirudisha kwenye mji wa mimba, umetolewa kwa miaka mingi na vituo binafsi, na wenzi wengi huulipia kutoka mfukoni, wengine wakilazimika kuuza kiwanja au kukopa.

Hata hivyo, huduma ya umma haina budi kuanzia mbali kabla ya maabara ya upandikizaji. Uchunguzi huanza pale mimba inapokosekana baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 afike kliniki baada ya miezi 6. Waende wote wawili. Inasikitisha kuona mwanamke amesafishwa kizazi, amepigwa picha ya mirija na kunywa dawa kwa miaka, ilhali mumewe hajawahi kupimwa mbegu, kipimo ambacho hospitali ya wilaya yenye hadubini na mtaalamu aliyefunzwa vizuri inaweza kukifanya. Mwanaume hujizuia kwa siku 2 hadi 7, sampuli yote huingia kwenye chupa iliyotolewa na maabara, na kama ameitoa nyumbani huibeba karibu na mwili ili isipoe, akaifikisha ndani ya saa 1. Kondomu ya kawaida isitumike kukusanyia, kwa kuwa vilainishi vyake huweza kudhuru mbegu.

Vilevile, klamidia na kisonono zisipotibiwa mapema huweza kuacha makovu yanayoziba mirija, na ndiyo maana zahanati inayotibu magonjwa ya zinaa kwa wenzi wote wawili tayari inazuia ugumba.

Kuhusu usimamizi, Uingereza inatupa mfano unaoeleweka. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa yai lililorutubishwa nje ya mwili, alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Sheria ilipitishwa mwaka 1990, na tangu 1991 mamlaka maalumu hutoa leseni kwa vituo, huvikagua na kutunza sajili ya kila tiba inayofanyika. Takwimu za sajili hiyo zilidhihirisha hatari ya kupandikiza viinitete (mayai yaliyorutubishwa na kuanza kukua) vingi kwa mkupuo: mwaka 2008 karibu robo ya uzazi uliotokana na tiba hiyo ulikuwa wa mapacha au zaidi. Mamlaka ikavitaka vituo vipunguze kiwango hicho, na kufikia 2019 kilikuwa kimeshuka hadi takribani 6%. Kwa nchi ambazo vyumba vya watoto njiti vimejaa, na ambako mimba ya mapacha humwongezea mama hatari ya kifafa cha mimba na kutokwa damu nyingi, naliona somo hilo kuwa la lazima. Kituo kinacholipwa kwa kila jaribio kina kishawishi cha kupandikiza viinitete 3 ili mgonjwa ashike mimba haraka, na gharama ya watoto njiti ikaangukia hospitali ya umma.

Sajili kama hiyo humlinda pia mgonjwa dhidi ya matangazo. Kituo kinaweza kujivunia vipimo vya mimba vilivyosoma chanya, wakati baadhi ya mimba hizo ziliharibika wiki chache baadaye. Kwa hiyo, kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, ulizeni ni wanawake wangapi wa umri wenu waliojifungua mtoto hai kati ya wote walioanza sindano za kukuza mayai, vitapandikizwa viinitete vingapi na kwa nini, na vitakavyobaki vitahifadhiwa wapi na kwa gharama ya nani. Ombeni majibu hayo yaandikwe kwenye faili, nanyi mpewe nakala.