Kisima hakiongezwi bungeni mwezi wa sita

Juzi pale Soko la Majengo, Dodoma, mama anayeniuzia mlenda mkavu alinishika mkono. "Mwanangu, wewe si unawaandikia wabunge? Mwambie wetu atuongezee hela ya kisima Mvumi." Wateja walikuwa wengi nikamjibu nusunusu. Jibu kamili naliandika hapa, maana swali lake nalisikia kila Juni, Bunge linapopitisha bajeti.

Mbunge wake hawezi. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania imemfunga. Kodi anaweza kupendekeza ipunguzwe, na matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina yapunguzwe. Kuongeza ni mpaka Rais apendekeze kupitia Waziri. Ndiyo maana wabunge hushika shilingi, yaani hutoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri, katika Kamati ya Matumizi: hoja ile inapunguza, kwa hiyo inaruhusiwa. Waziri akitoa ahadi, shilingi inarudishwa, lakini tarakimu za fungu, yaani hela iliyotengewa wizara, zinabaki zilezile. Muda ukiisha, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa gilotini bila mjadala.

Kazi yangu ni kuandika majedwali ya marekebisho. Mbunge anakuja na kilio cha wapiga kura wake, mimi nakigeuza kuwa sentensi: "Kifungu kifanyiwe marekebisho kwa kufuta maneno 'asilimia kumi' na badala yake kuweka maneno 'asilimia tano'." Kama ni kiwango cha kodi, hiyo inasimama, kwa kuwa inapunguza. Lakini akitaka niandike "Serikali itatenga fedha za ruzuku kwa wakulima wa zabibu", namwambia neno "itatenga" ni deni kwa Hazina, hapo Ibara ya 99 itatukamata. Nikiweka "inaweza kutenga", jedwali litapona, ila mkulima wa Hombolo hatapata hata senti kwa nguvu ya neno hilo. Huwa nawaeleza hivyo kabla hawajasaini. Kumrudisha mtu jimboni na ushindi wa maneno matupu naona ni kumdhulumu mkulima.

Waziri hafungwi na ibara hiyo. Kwa hiyo nyongeza ya kweli, kama ipo, hupatikana Kamati ya Bajeti inapokaa na Serikali na wadau wakaleta hesabu zao, kisha Serikali yenyewe ikaleta jedwali lake. Ukumbini ni kuchelewa. Kukataa bajeti nzima nako kuna gharama: Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge, na kura hupigwa kwa kuitwa jina mmoja mmoja.

Mnakumbuka tozo za miamala ya simu? Sheria ya Fedha ilipita Juni 2021, makato yakaanza 15 Julai, na kelele kubwa zikaanza hapo. Tozo zilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo, lakini watu walikuwa wameshakatwa. Muswada ulipokuwa kwenye kamati, kelele zile zingefaa zaidi.

Na kisima cha Mvumi kiko nyuma zaidi ya hapo. Kinaanzia mkutano mkuu wa kijiji, kiingie kwenye mpango wa halmashauri kabla ukomo wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha hela kinachoruhusiwa, haujagawanywa kwa wengine. Ikifika Juni hakimo kwenye vitabu vya bajeti, jedwali langu haliwezi kukichimba. Jumamosi nikienda kununua mlenda nitamwuliza mama mkutano wao ni lini, na kama kisima kimewahi kuandikwa kwenye muhtasari.