Kutoka uwanjani hadi benchi: mchezaji nyota anayetaka ukocha aanzie wapi

Kila msimu ukiisha, huku Kusini mwa Tanzania kuna wachezaji wanaobaki bila timu. Wengine walikuwa Ndanda ya Mtwara enzi ikiwa Ligi Kuu, 2014 hadi 2020, wengine wamepita Namungo pale Ruangwa, Lindi. Swali lao huwa moja: nikitaka ukocha, naanzia wapi? Washauri wa vijiweni huwatajia Zinedine Zidane, kiungo nyota wa zamani wa Ufaransa. Kastaafu, kapewa Real Madrid, kabeba Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo. Hadithi hiyo imerukwa katikati, na katikati ndiko kwenye kazi.

Zidane aliacha kucheza 2006. Timu kubwa ya Madrid alikabidhiwa Januari 2016. Msimu wa 2013/14 alikuwa msaidizi wa Carlo Ancelotti, kocha mkuu wa Madrid wakati huo. Uliofuata akapelekwa Castilla, kikosi cha pili cha klabu, daraja la tatu. Oktoba 2014 akafungiwa miezi mitatu: alikuwa anafanya kazi ya kocha mkuu bila leseni ya daraja hilo, huku kwenye karatasi akiwa ameandikwa mtu mwingine. Adhabu ilikuja kusimamishwa, lakini Castilla walimaliza nafasi ya sita na kukosa hata mchujo wa kupanda daraja. Huyo ni bingwa wa dunia wa 1998, anahangaika daraja la tatu. Leseni ya juu ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, aliipata 2015, na miezi michache baadaye akaitwa juu. Ushindi wa Ligi ya Mabingwa wa 2016, 2017 na 2018 ulianzia kwenye misimu hiyo isiyotajwa na mtu.

Hapa kwetu mfano ninaoupenda zaidi ni Selemani Matola. Alikuwa nahodha na kiungo wa Simba, na alikuwamo kwenye kikosi kilichowavua ubingwa wa Afrika Zamalek mwaka 2003. Juni 2019 alikuja Lindi akiwa kocha wa Lipuli ya Iringa, fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini, uwanja wa Ilulu, wakafungwa na Azam 1-0. Desemba mwaka huohuo akarudi Simba kuwa msaidizi wa Sven Vandenbroeck, na makocha wa kigeni wakaendelea kuja na kuondoka yeye akiwa palepale. Wapo wanaomcheka kwamba ni msaidizi wa kudumu. Mimi naona kapata darasa ambalo hakuna kozi inayolitoa: kumwona kila kocha anavyopanga wiki yake, na kila mmoja alivyokosea.

Sasa, kwa nini nyota hushindwa? Jibu rahisi ni kiburi, na si kweli mara nyingi. Shida kubwa ni kwamba mambo aliyoyafanya vizuri zaidi hakuwahi kuyafikiria. Chukua kiungo anayepokea pasi akiwa tayari amegeuka. Mwambie amfundishe kijana wa miaka 16, atasema "geuka nayo," atapiga filimbi, atachukua mpira na kuonyesha mwenyewe. Kijana ameona, hajajua.

Kitendo hicho kina vipande vitatu, na kila kimoja hufundishwa peke yake. Kwanza, kutazama nyuma ya bega kabla mpasiaji hajagusa mpira, na kutazama tena mpira ukiwa njiani. Pili, kusimama ubavu, si kumpa mpasiaji kifua chote, ili macho yaone pande zote mbili. Tatu, mguso wa kwanza uwe kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka. Weka koni nne, mraba wa mita 12 kwa 12. Mpasiaji mmoja kila upande, mpokeaji katikati, na nyuma ya mpokeaji msaidizi wako anayenyoosha vidole juu. Mpokeaji ataje idadi ya vidole kabla mpira haujamfikia. Asipotaja, pasi haihesabiki. Dakika moja kazi, dakika moja pumziko, mizunguko minne. Akishaweza, msaidizi anaacha vidole na kuanza kukaba, nusu nguvu kwanza. Ukimleta mkabaji kabla kijana hajazoea kutazama, ataupoteza mpira kila mara na atarudi kupokea akiwa ameipa mgongo goli la wapinzani, maana ndiko anakojisikia salama.

Makosa mengine yanaonekana kwa macho ukisimama pembeni mwa uwanja wowote. Nyota mpya anapenda kuingia kucheza mwenyewe. Akiwa ndani hakuna anayeitazama timu, na vijana wanampasia yeye tu. Anasimamisha mazoezi kila baada ya sekunde 40. Anapanga foleni ya wachezaji 18 kupiga mashuti kwa mpira mmoja mmoja, kila mtu anagusa mara tano kwa saa nzima na anaondoka na miguu ya baridi. Kwa wachezaji 20 tafuta mipira isiyopungua 10 na vizibao vya rangi mbili. Gawa wanne kwa wanne, uwanja wa mita 30 kwa 20, dakika nne kucheza na mbili kunywa maji, mizunguko minne hadi sita. Simamisha mara moja tu katika kila mzunguko, na sekunde 20 zinatosha kusema ulichokiona. Kwa joto la Mtwara anza saa 12 asubuhi au saa 10 alasiri. Anayeanza saa nne asubuhi kwa kuwa zamani walimchosha hivyo, msimuulize kwa nini misuli inakaza dakika ya 70.

Na ile "mimi enzi zangu," iachwe nyumbani.

Kuhusu leseni sitachukua muda. Ngazi za CAF, shirikisho la soka la Afrika, ni D (ya chini kabisa), C, B, A, kisha Pro, na jina lako halikurushi ngazi. Kozi za chini hutangazwa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mara nyingi kupitia chama cha soka cha mkoa, kwa hiyo fika ofisini kwao uandikishwe mapema badala ya kusubiri tangazo la WhatsApp lililokwisha muda. Mashindano ya klabu ya CAF yanamtaka kocha mkuu awe na leseni A au inayotambuliwa kuwa sawa nayo. Wapo waliofundisha miaka mingi, siku ya bahati wakakosa karatasi.

Usaidizi nao una aina zake. Thierry Henry, mshambuliaji nyota wa zamani wa Ufaransa, aliingia Monaco kama kocha mkuu Oktoba 2018, Januari 2019 akaondolewa. Kabla ya hapo alikuwa msaidizi wa Ubelgiji kwa miaka miwili, lakini timu ya taifa hukutana siku chache tu baada ya miezi. Huko hujifunzi kumpooza mchezaji aliyewekwa benchi wiki tano, wala kupanga mazoezi ya Jumanne baada ya kufungwa Jumapili. Kwa klabu za Kusini ongeza safari: Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na siku ya kwanza baada ya basi hilo ni ya kunyoosha miguu tu. Ukipewa kuchagua, chukua usaidizi wa klabu ndogo inayofanya mazoezi kila siku.

Omba kazi moja iwe yako kabisa. Mipira iliyokufa, yaani kona na faulo, inafaa, kwa kuwa matokeo yake yanahesabika: kona ngapi, ngapi zimeguswa kwanza na mtu wetu, na nani alimwacha mtu wake. Andika daftarini usiku uleule.

Kisha kuna siku unapoitwa ghafla. Septemba 2022 Simba walimchukua Juma Mgunda kuwa kocha wa muda siku chache kabla ya mechi ya Afrika ugenini Malawi. Mgunda alikuwa mchezaji wa Coastal Union ya Tanga iliyotwaa ubingwa wa Tanzania 1988, akaifundisha klabu hiyohiyo kwa miaka, na miezi miwili tu nyuma alikuwa ameifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga. Akawatoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, kisha Primeiro de Agosto ya Angola kwa ushindi nje na ndani, Simba wakaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari akaletwa kocha mwingine. Baadaye, 2024, Mgunda akaja Namungo.

Kocha wa muda asibadili mfumo wiki ya kwanza. Aongee na nahodha na kipa, achague mambo mawili ya kurekebisha, na wakati wa mapumziko awaache wachezaji dakika tatu za kwanza wanywe maji kimya. Kabla ya kukubali, kiandikwe kwenye mkataba cheo atakachorudia kocha mpya akija, na mshahara wa cheo hicho.