Machela isiyokunja mgongo: siri iko kwenye ukingo, si kwenye fito

Anayeniletea machela ya dukani nimrekebishie, mara nyingi malalamiko yake ni kiuno. Machela ya kawaida, yaani kitanda cha kuning'iniza kati ya miti miwili, ni kitambaa kilichokusanywa ncha zote mbili na kufungwa kamba. Ukilala humo makalio yanazama, kichwa na visigino vinapanda, na magoti yanavutwa yanyooke kupita yanavyopenda. Waliozoea hulala kimshazari, na kweli inasaidia, ila kitambaa lazima kiwe kirefu, mita 3 au zaidi. Anayetaka kulala chali amenyooka, au alale ubavu asiamke na shingo ngumu, anahitaji mkato mwingine kabisa.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuweka fito mbili za kutanua, moja kichwani na moja miguuni. Zile za bustani za hoteli zimetengenezwa hivyo: bapa, pana, zinavutia macho. Zinapindua watu vilevile. Kamba zote zinatokea kwenye ufito, na ufito uko usawa mmoja na mwili, kwa hiyo uzito wako hauko chini ya pale unaponing'inia. Ukigeuka kutafuta simu, uko chini. Kwa picha ni sawa. Kwa kulala usiku porini Kondoa, hapana.

Kinachonyoosha mgongo ni ukingo. Tazama picha ya daraja la kuning'inia: nyaya kubwa zinashuka kwa upinde, lakini barabara iliyo chini yake iko bapa. Machela ninayoishona inafuata kanuni hiyo. Kingo mbili ndefu hukatwa kwa upinde ulioingia ndani, na ndani ya pindo la upinde unapita mkanda imara. Mtu akilala, mkanda unashuka katikati na kubaki juu kwenye ncha. Pale katikati uliposhuka, kitambaa ni chembamba. Kwenye ncha ulipo juu, kitambaa ni kipana. Kwa hiyo sakafu, yaani pale unapolalia, inafika chini usawa uleule kutoka kichwa hadi miguu. Fito kazi yao ni kuzuia mikanda isikubane mabega, basi. Na kwa kuwa kitambaa kinaning'inia chini ya fito, uzito umetulia chini na machela haina haraka ya kupinduka.

Vipimo vyangu kwa mtu asiyezidi sm 180 ni hivi: sakafu sm 200, kitambaa upande wa kichwa sm 150, upande wa miguu sm 130, na kina cha upinde sm 18 kila ubavu. Ufito wa kichwa sm 95, wa miguu sm 78. Tofauti ya upana wa kitambaa na urefu wa ufito ndiyo inayotoa kina cha kitanda. Ukirefusha ufito ukadhani unaongeza nafasi, unainua sakafu na unaanza kurudi kwenye ile ya hotelini. Upinde nao una mipaka: ukiwa na kina kidogo mno mkanda unavutwa sana, ukiwa na kina kirefu mno unakata kitambaa ambacho mabega yanakihitaji.

Upinde usiuchore kwa macho. Piga misumari miwili ukutani usawa mmoja, sm 200 kati yake, ning'iniza mnyororo mwembamba ushuke sm 18 katikati, kisha weka karatasi ngumu nyuma yake na ufuate kwa penseli. Mvuto wa dunia unakuchorea bure. Ukipima mstari huo kwa tepu utapata kama sm 204, na hapo ndipo unapojua urefu wa mkanda: ongeza sm 20 kila ncha kwa ajili ya vitanzi.

Kwa kitambaa, zunguka maduka ya mitaa ya Soko la Majengo hapa Dodoma ukishika kwa mkono. Kaki nzito au kitambaa cha hema cha poliesta, vyote vinafaa. Turubai la plastiki sishoni, hata mteja akibembeleza: halipitishi hewa, linapiga kelele kila unapojigeuza, na matundu ya sindano yanageuka kuwa mstari wa kuchanikia. Mkanda uwe wa poliesta, ile mikanda ya kufungia mizigo kwenye maroli, upana sm 2.5. Nailoni hurefuka, ikilowa ndiyo zaidi. Kwenye lebo ya mkanda wa mzigo kuna herufi LC na namba ya daN. DaN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja, na namba hiyo ni uwezo wa kufanyia kazi, si wa kukatikia. Usio na lebo mwachie muuzaji.

Uzi nao uwe wa poliesta. Wa pamba unaoza ukikutana na jasho na umande. Sindano namba 16 kwa kitambaa, 18 ukifika kwenye mkanda, na mshono wa mm 3. Mshono wa karibu karibu unaonekana imara lakini unatoboa kitambaa kama stempu.

Sasa pindo, mahali ambapo vijana wangu huanza kuhema. Ukingo uliokatwa kuingia ndani hautaki kukunjwa, na aliyewahi kupindua shingo ya blauzi anaujua ubishi wake. Acha sm 4 za pindo, piga mkasi vichanjo vifupi kila sm 10 hivi bila kuvifikisha kwenye mstari wa mshono, piga pasi, laza mkanda ndani, kunja, bana kwa pini nyingi kuliko unavyoona inatosha. Anza kushona katikati ya upinde ukielekea ncha moja, kisha rudi katikati uende nyingine. Ukianzia nchani, kitambaa kinatembea, na ukifika mwisho una mkunjo wa sm 2 usio na pa kwenda. Shona mistari miwili sambamba kwa urefu wote. Kwenye vitanzi vya ncha shona mraba wenye msalaba ndani yake, uupitie mara mbili, na choma ncha za mkanda kwa moto zisifumuke. Pindo za kichwani na miguuni hazibebi mzigo mkubwa, zikunje kawaida.

Fito nazo watu huzikuza bila sababu. Hazibebi uzito wako katikati, zinasukumwa kutoka ncha mbili. Mtu wa kilo 80 akiwa amening'inizwa kwa kamba zenye pembe ya digrii 30 na usawa wa ardhi, kila upande wa kamba unavutwa kwa kilo 80 hivi. Kamba mbili zinazotoka kwenye ufito wa kichwa zikikutana kwenye pete inayofungwa mtini, sm 90 mbele yake, pembetatu hiyo peke yake inausukuma ufito kwa kilo 21 hivi. Ukiifupisha hadi sm 45, zinakuwa 42. Na upinde wa mkanda unaongeza wake. Ndiyo maana sifupishi pembetatu ili kupata miti iliyokaribiana.

Mpini wa jembe uliokauka vizuri, usio na fundo, nyuzi zake zikienda moja kwa moja, unatosha. Toboa ncha, pigilia msumari wa inchi 4 uliokatwa kichwa ubaki umechomoza sm 4, zungushia waya ili mti usipasuke. Msumari huo ndio unaoingia kwenye kitanzi cha mkanda na kitanzi cha kamba. Mwanzi ni mwepesi zaidi, ila ukate hivi kwamba fundo liwe karibu na kila ncha. Bomba la pazia liache dirishani.

Kufunga: miti iwe na nafasi ya mita 5 hivi. Pembe ya 30 ni kupanda sm 58 kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Anayekaza machela iwe imenyooka kama kamba ya nguo anajiumiza bure, maana kwenye digrii 15 mvuto unafika karibu kilo 155 kwa mtu yuleyule. Fungia mti kwa mkanda mpana, kamba nyembamba inakata gome.

Huku kwetu miti yenyewe ina mambo yake. Mbuyu una shina nene, mkanda wa kawaida hauzunguki. Mgunga ni imara lakini angalia miba iliyoanguka kabla hujatandaza kitambaa chini. Na inua macho. Mfuga nyuki mmoja wa upande wa Manyoni alipokuja kuchukua machela yake nilimweleza habari za pembe na mkanda, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Fundi, hayo yote sawa. Mimi naanza kutazama kama kuna mzinga."

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Dodoma inapita chini ya kitambaa, si juu. Blanketi ulilolilalia limebanwa na halikusaidii. Kwa kuwa sakafu hii ni bapa, godoro jembamba la sponji linakaa bila kuteleza. Likate upana wa sm 60 kichwani na sm 50 miguuni. Kabla ya kulala usiku wa kwanza, ning'iniza machela chini kabisa, kalia katikati, kisha toka ukague vitanzi vinne kimoja kimoja. Uzi uliovutika hata kidogo, fumua na ushone upya.